Ubia wa vyuo vya afya na kampuni na vyuo vya nje: nyota zangu baada ya kuutumia

Watu wanaandika rivyuu za simu, za saluni, za mabasi, lakini kuna huduma wanauziwa wanafunzi wa afya kila mwaka wa masomo ukianza na sijaona mtu anaipa nyota. Naongelea ule ukurasa wa kipeperushi cha chuo ulioandikwa "tuna ubia wa kimataifa na wadau wa sekta", chini yake logo zimepangwa mstari, chuo cha Ulaya hapa, kampuni ya vifaa tiba pale, kampuni ya dawa, taasisi ya misaada, kila mtu anatabasamu kwenye picha. Hiyo ni huduma, mwanafunzi anailipia kwa ada yake na muda wake, basi na yenyewe ipimwe. Mimi nimeipitia kama mwanafunzi wa uuguzi na sahivi nasimamia wanafunzi kwenye vitendo na wodini, yaani nimekuwa yule anayeletewa wageni na nimekuwa yule anayebaki na funguo wageni wakishapanda gari.

Kipimo changu ni kimoja, nakitaja mapema ili tusije tukagombana huko chini. Ubia naupima kwa kile kinachorudiwa. Kitu kikija mara moja, hata kiwe kizuri vipi, kwangu hakivuki nyota mbili tatu, na kitu cha kawaida kabisa ambacho kipo pale kila wiki na mwanafunzi anakishika mpaka anakichoka, hicho ndo kinapanda. Logo hazinihusu.

Naanza na madoli ya kufundishia, maana huko ndo unaona kwa macho kiwanda kimeingia darasani. Na siyo jambo la jana. Lile doli la CPR, yaani kumfufua mtu aliyesimama moyo, ambalo kila mtu amelipiga kifua, Resusci Anne, lilitoka mwaka 1960 na aliyelitengeneza alikuwa mtengeneza midoli ya watoto, Åsmund Laerdal wa Stavanger kule Norwei. Mzee alikuwa ameshaiva kwenye plastiki laini, na madaktari wa usingizi kina Peter Safar na Bjørn Lind walikuwa na njia mpya ya kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo lakini hawana pa kuwafundishia watu kwa wingi, ndo wakakutana hapo. Sura ya doli ikachukuliwa kwenye sanamu ya uso wa binti asiyejulikana ambaye inasemekana alitolewa mto Seine, Paris. So kama umewahi kufanya mtihani wa CPR, huyo dada mnafahamiana.

Kampuni hiyohiyo baadaye ikatoa NeoNatalie, na hapa jamani naomba nikae kidogo. Ni doli la mtoto mchanga ambalo likija liko bapa, halina kitu, unalijaza maji ya uvuguvugu na ghafla una mtoto mkononi, ana uzito wake, kichwa kinalegea nyuma usipokishika, joto lake unalisikia. Kuna vipira vidogo vya kubonyeza pembeni, mwalimu akibonyeza kimoja kitovu kinapiga kama mapigo ya moyo, akibonyeza kingine mtoto analia, asipobonyeza mtoto kanyamaza na wewe ndo unajua ufanye nini. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, hakuna apudeti. Likichanika mpira unaomba kingine. Lilitengenezwa liende sambamba na mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa 2010 na American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na washirika wengine, na somo zima limejengwa juu ya ile dakika ya dhahabu, kwamba mtoto akizaliwa ndani ya sekunde 60 awe amelia au awe ameshaanza kupewa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa. Kwenye seti kuna na kale kanyonyeo ka silikoni ka kumtoa mtoto uchafu mdomoni na puani, wanakaita Penguin, kipande kimoja tu, unakafungua unakaosha unakachemsha unakatumia tena. Aliyefikiria kale kanyonyeo aliwahi kuingia leba, haiwezekani awe amekaa tu ofisini.

MamaNatalie ndo burudani. Mwalimu anajifunga lile tumbo kiunoni kama aproni, ndani kuna kitanki cha maji yenye rangi nyekundu na yeye mwenyewe ndo anacheza na vidhibiti bila mwanafunzi kuona. Mwanafunzi anazalisha vizuri, kondo limetoka, kila mtu anapumua, anageukia karatasi aandike muda, na hapo ndo mwalimu anafungua taratibu. Hamna kelele. Damu inashuka kwenye mpira wa kitanda, inafika ukingoni, inaanza kudondoka sakafuni, mwalimu anasema kwa sauti ya chini kabisa "sista, mbona naona giza", na binti bado anaandika muda. Ukiwa umesimama pembeni unajua kabisa nani atashtuka na nani atasubiri kuambiwa. Akigeuka anatakiwa aite msaada, aweke mkono tumboni aukande mfuko wa uzazi mpaka ukaze, ampe oksitosini, dawa ya kuukaza, akague kondo limetoka lote au limebaki kipande, na mwalimu hafungi bomba mpaka aridhike na ule mkono. Nimeona wanafunzi wenye alama za juu za nadharia wanaganda kabisa hapo, na nimeona wale wa nyuma ya darasa wanafanya kama wamezaliwa leba. Mtihani wa kuandika hauwezi kukuonyesha hicho kitu.

Sasa kabla hujakimbilia kuomba chuo chako kipewe madoli, sikiliza hii maana ndo msingi wa rivyuu nzima. Hayo mafunzo ya watoto wachanga yalifuatiliwa vizuri Tanzania, utafiti wa vituo 8 uliochapishwa 2013 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47%. Watu wengi wanaishia hapo, wanapiga makofi. Ila mwaka huohuo ikatoka taarifa nyingine kutoka hospitali ya Haydom, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, kwamba kozi ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri sana kwenye doli, halafu leba kwenyewe kwa watoto wa kweli utendaji haukubadilika. Siku nzima ya mafunzo, vyeti vimetolewa, na leba mambo ni yaleyale. Walichofanya baadae ni kuliacha doli hapohapo kazini na watu wakawa wanafanya mazoezi mafupimafupi, mara kwa mara, na hapo ndo vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka. Doli ni lilelile, hospitali ni ileile, kilichobadilika ni kurudia.

Kwa hiyo madoli ya maji nyota tano, kwa sharti kwamba yapo mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyafikia bila barua tatu. Yakifungiwa stoo ili yasichakae, nyota moja, na hiyo moja ni ya plastiki.

Kinyume chake ni yale makubwa. Kuna chuo nilipita, sikitaji, walipata kwa ubia na kampuni moja, nayo siitaji, mashine ya kufundishia ultrasaundi yenye skrini kubwa na mgonjwa wa bandia, unaweka probu juu yake picha ya moyo inatokea. Siku ya uzinduzi palijaa, utepe ukakatwa, mtaalamu wa kampuni akaja akatuonyesha valvu za moyo zinafunguka na kufunga, na kiukweli kilikuwa kitu kizuri mno, nilielewa siku ile kitu ambacho vitabu vilinishinda. Walimu wawili wakafundishwa kuitumia. Mmoja akaondoka kwenda kusoma, mwingine akahamia kazi nyingine, na baada ya hapo ukiiwasha inakuletea kiboksi katikati ya skrini kwamba leseni imekwisha wasiliana na msambazaji, unabonyeza sawa kiboksi kinarudi, unabonyeza tena kinarudi. Msambazaji akiandikiwa anajibu kwa adabu sana na bei ya leseni mpya. Mashine ikavikwa shuka, na kila wageni wanapokuja shuka linatolewa wanapiga nayo picha, kisha linarudishwa. Kwenye kipeperushi ipo mpaka kesho.

Lawama zote siitupii kampuni hapa. Chuo kilisaini bila kuuliza leseni ni ya muda gani, nani atalipa ikiisha, na walimu wangapi wafundishwe ili mmoja akiondoka pasikwame. Kampuni inatoa kwa hesabu zake, hiyo ni biashara, wewe unayepokea ndo unatakiwa uwe na maswali. Mkataba wa vifaa usiotaja matengenezo na leseni ni mkataba wa picha za uzinduzi.

Kubadilishana wanafunzi na nchi za nje. Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuna ile inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, wa udaktari wana IFMSA toka 1951, wafamasia wana IPSF toka 1949, hizi ni za miaka mingi na zina utaratibu, kwa IFMSA mikataba inasainiwa kati ya chama cha nchi hii na cha nchi ile, mara nyingi mmoja anaenda mmoja anakuja, kwa kawaida wiki nne, mwenyeji anakutafutia malazi na msimamizi, tiketi ni juu yako. Halafu kuna zile za vyuo kwa vyuo, na kuna kampuni kabisa zinazouza elektivu, yaani mafunzo ya vitendo ya kujichagulia, kama tua za utalii. Usilipe kabla hujajua uko kwenye ipi.

Faida ipo, sibishi. Ukikaa wodi ya watu wengine unaona kwamba mambo uliyodhani ndo sheria ya uuguzi kumbe ni mazoea ya hospitali yako tu. Mimi nilichokipata kikubwa kwa wageni waliotutembelea kilikuwa ni namna yao ya kukabidhiana wagonjwa, ile SBAR, unasema hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, tathmini yako, kisha pendekezo lako, basi. Chimbuko lake ni jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi za nyuklia, na Kaiser Permanente, mtandao wa hospitali wa Marekani, ndo wakaileta hospitali. Inaonekana kitu kidogo lakini muuguzi mdogo akimpigia daktari usiku wa manane na ana lile pendekezo la mwisho mdomoni, hakatwi simu. Nimeifundisha kila kundi tangu hapo na haijanigharimu kitu.

Tatizo lipo kwenye mizani. Mwanafunzi anayetoka nchi yenye hela kidogo akienda hospitali kubwa ya nchi tajiri mara nyingi anaambiwa angalia tu, usiguse, bima na leseni haziruhusu, wiki ya kwanza inaliwa na kadi ya kuingilia na karatasi za chanjo, zinazobaki anasimama nyuma ya raundi akiwa na koti safi. Hapo ni kama viza imetoka, maana wengi wanakwamia hukohuko. Akija yule wa upande wa pili kwenye hospitali iliyozidiwa, anakuta milango wazi na mtu anayemwambia fanya. Vitu ambavyo kwao asingeruhusiwa kuvisogelea anataka avifanye hapa. Nilimpenda sana sista mmoja kiongozi wa wodi, mtu mzima, alivyomjibu kijana mgeni aliyeng'ang'ania kushona kidonda.

"Mwanangu, kwenu umeshawahi kushona?"

"Bado mama, ila nimeangalia video."

"Haya. Leo utashika taa."

Na alishika taa, na aliishika vizuri, na siku zilizofuata alikuwa anakuja mapema kuliko wote. Hili siyo jambo la kisirani cha masista, kuna miongozo kabisa inaitwa WEIGHT ilitoka 2010 kwa ajili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, inasema mwanafunzi asivuke kiwango chake cha mafunzo, na inasema gharama halisi za mwenyeji zihesabiwe, maana mtu anayekuongoza wewe mgeni kuna mgonjwa amemwacha. Vyuo vingi vinavyotuma wanafunzi vinajua hiyo miongozo ipo. Vinavyoifuata unavitambua kwa kitu kimoja, wanauliza mwenyeji anahitaji nini kabla ya kuuliza wanafunzi wao watalala wapi.

Mfano wa ubia unaonyooka upo pia, siyo kila kitu ni kulalamika. Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, Kenya, walianza pamoja mwishoni mwa miaka ya 1980, na toka mwanzo Indiana walikuwa wanaweka mtaalamu wao anayeishi Eldoret, siyo wa kuja wiki mbili na begi, na wanafunzi wa Moi na wenyewe wanaenda Indiana kufanya mzunguko wodini. Ukimwi ulipokuja kuwazidi, ule urafiki wa masomo ndo ukazaa AMPATH mwaka 2001, mpango mkubwa wa matibabu, kwa sababu watu walishafahamiana. Na ule mpango wa Marekani wa MEPI ulioanza 2010, dola milioni 130 kwa miaka mitano kwa vyuo vya udaktari vya Afrika, kilichoutofautisha ni kwamba fedha zilienda moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika navyo vikawachagua washirika wao. Aliyeshika hela ndo anapanga ratiba, hilo halihitaji utafiti.

Nyota za kubadilishana: tatu na nusu ukienda na maswali, moja na nusu ukienda na kamera.

Na kuna ubia mwingine unaitwa wa masomo ila ukiukwaruza kidogo chini unakuta ni ajira, unafundishwa lugha yao, mtihani wao wa leseni, mfumo wao wa kuandika faili, na mkataba unasubiri mlangoni. Mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka, mimi simzuii mtu. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya nje ya nchi zao, na japo ni ya hiari, inazitaka nchi zizuie tabia ya kwenda kuwinda wafanyakazi kwenye nchi zenye upungufu mkubwa. Chuo kinachofanya hivyo kiseme tu ni ajira, mwanafunzi apige hesabu zake akijua.

Mtandaoni nitapita haraka. OpenWHO, jukwaa la Shirika la Afya Duniani (WHO), ilizinduliwa 2017 ikiwa na kozi za bure, nyepesi kwa bando, za kusoma kwa spidi yako, na mwishoni mwa 2024 wakafungua na WHO Academy huko Lyon, Ufaransa. Nzuri kwa mtu anayejisukuma. Wenzangu wa macho wanaisifia sana Cybersight, tovuti ya mafunzo ya shirika la Orbis, ndo wale wa ile ndege ya hospitali ya macho, MD-10 waliyopewa na kampuni ya usafirishaji ya FedEx, ilianza kazi 2016, ndani ina chumba cha upasuaji na darasa la viti 46, na marubani wake wengi ni watu wa FedEx wanaojitolea. Kila mtu anaipiga picha ndege, lakini ndege inatua na kuruka, wenzangu wanachotumia mwaka mzima ni ile tovuti. Mnaona ninachosema.

Madarasa ya pamoja ya mtandaoni, lile jambo la chuo hiki na chuo cha nchi nyingine mnajadili mgonjwa mmoja, yanategemea mwalimu kwa asilimia kubwa sana. Yakiendeshwa kivivu ni kamera zimezimwa na mtu mmoja anasoma slaidi huku kwa wenzenu ni usiku. Yakiendeshwa vizuri ni raha, nakumbuka kesi ya mama mwenye kifua kubana, wenzetu walishaagiza vipimo vyote vya damu na picha kabla ya kuuliza anapumua mara ngapi kwa dakika, na sisi tulimpima kila kitu kwa mikono na macho ila tulichelewa kuomba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ambayo ilikuwepo. Kila upande ulicheka kidogo ukaandika kidogo. Nyota tatu, ya nne ipo ikiwa kundi ni lilelile muhula mzima, maana kundi likibadilika kila wiki mnaishia kujitambulisha.

Sasa kampuni za dawa. Hapa naomba tusiwe na haya.

Semina ya mchana, ukumbi una kiyoyozi, mnapewa kalamu, daftari, na boksi la chakula, mzungumzaji ni mtaalamu mwenye jina, mada ni ugonjwa fulani, na kwa bahati ya ajabu dawa ya sponsa ndo inatokea kwenye slaidi ya mwisho. Wanafunzi wanasema mimi sinunuliki kwa boksi la chakula. Sawa. Mwaka 2016 ulitoka utafiti Marekani kwenye JAMA Internal Medicine, walichukua madaktari zaidi ya 270,000 wakalinganisha chakula walicholipiwa na kampuni na dawa walizoandika, na hata waliolipiwa mlo mmoja tu, wa chini ya dola 20, walionekana kuandika zaidi dawa ya huyo aliyelipa. Haithibitishi kwamba mlo ndo ulisababisha, ila na kampuni siyo wajinga, wasingeendelea kununua maboksi.

Na kwa wanafunzi ni mbaya zaidi kwa sababu bado hawana cha kulinganishia. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kiliwahi kuwa na mihadhara ya maumivu ambapo wanafunzi walipewa bure kitabu kilichogharamiwa na Purdue, watengenezaji wa OxyContin, oksikodoni, dawa kali ya maumivu yenye uraibu, kwenye somo la jinsi ya kutumia dawa za aina hiyo, na chuo kikaja kukaa chini kuupitia upya utaratibu wake baada ya malalamiko. Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani kiliondoa jina la familia ya Sackler, waliokuwa wenye Purdue, kwenye majengo na programu zake Desemba 2019, na walioanza kulisema hilo kwa sauti ni pamoja na wanafunzi wa udaktari waliokuwa wanapita chini ya hilo jina kila siku. Wanafunzi wa Marekani kupitia chama chao cha AMSA walikuwa wameshaanza toka 2007 kuvipa vyuo madaraja kwa namna vinavyojizuia na zawadi za kampuni za dawa. Yaani kuna wenzetu walishaandika rivyuu kabla yangu, tena zenye alama A mpaka F.

Ila siwezi kuzipa kampuni zote sifuri, itakuwa uonevu. Kuna dada mmoja mtaalamu wa kampuni ya pampu za drip alikuwa anatujia wodini na pampu mbili kwenye begi, hana slaidi, hana kalamu za kugawa, anakwambia fungua hapa, toa mrija, ingiza hewa makusudi. Unaingiza hewa, alamu inapiga, wote mnaruka, anasema haya tengenezeni sina haraka. Anakaa kwenye stuli anakunywa maji yake. Mkishindwa hakusaidii mpaka usome kilichoandikwa kwenye kioo, na mkishaweza anaingiza tatizo lingine, betri, mrija umekunjika, dozi imeandikwa vibaya sifuri moja imezidi na pampu imekubali. Hiyo sifuri ndo ilinifundisha kwamba mashine haina akili ya kukuokoa. Alikuwa anauza? Ndiyo, pampu ni zao, na tulijua ni zao maana ndo zilizokuwa wodini. Tofauti yake na semina ya boksi ni kwamba alichofundisha kingetumika hata kwenye pampu ya mshindani wake, na alirudi kila kundi jipya lilipoingia. Yeye nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa sababu chuo hakikuwahi kumpangia saa ya maana, alikuwa anabanwa na muda wa kubadilishana zamu.

Semina ya boksi, nyota moja. Chakula chenyewe kilikuwa kimepoa.

Mwisho ni kitu ambacho hakipo kwenye kipeperushi chochote nilichowahi kushika, na ndo kimenisaidia kuliko vyote baada ya madoli. Hinari. Ilianza Januari 2002 baada ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa 6 kukubaliana kufungua majarida ya afya kwa taasisi za nchi za kipato cha chini, sahivi ipo ndani ya Research4Life, nchi za kundi A bure kabisa, kundi B kwa ada ya chini. Haina utepe wa kukata. Unaingia kwa pasiwedi ya chuo unasoma makala nzima ambayo nje ungeambiwa ulipe kwa kadi, na ile ya Haydom niliyoitaja huko juu niliisoma kwa njia hiyohiyo. Kasoro yake ni kwamba mlango unaweza kufungwa na mwenye nao, mwaka 2011 baadhi ya wachapishaji waliwaondolea watu wa Bangladesh majarida yao, zikapigwa kelele duniani kote ndo wakarudisha. Halafu tovuti yenyewe ina sura ya kizamani, inakutupa nje katikati ya kusoma, unaingia tena. Nyota nne.

Na wanafunzi wengi hawaijui kwa sababu pasiwedi inakaa kwa mkutubi na hakuna aliyemuuliza. Kamuulizeni. Asipokuwa nayo mwambieni aangalie kama nchi yenu ipo kwenye orodha kisha aisajili taasisi, usajili unafanywa na chuo siyo na mwanafunzi mmojammoja, kwa hiyo akikwambia "jisajili mwenyewe" ujue hajafungua ile tovuti, kaa naye muifungue pamoja.